Miezi Mitatu Bila Kuomba kwa Sauti

Kabla sijafikiria kuwa mchungaji, watu wa kisiwa cha Rusinga walinijua kwa jambo moja: kuomba. Si kwamba nilimcha Mungu kuliko wengine. Nilikuwa na sauti, na maneno ya Kidholuo yalinijia yenyewe, moja likimvuta mwenzake. Jeneza likishafika nyumbani kwa wafiwa, mtu angetumwa mbio: "Mwiteni yule mama wa maombi." Ningefika, nifumbe macho, na baada ya dakika chache hata wanaume waliosimama mbali kando ya ua walikuwa wakivua kofia na kujifuta nyuso. Mara nyingine mtu alinirekodi kwa simu, na ombi langu likazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka kwa watu wetu walioko Nairobi. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akinitania: "Leo umefika Mombasa." Nilijifanya sijali. Akishaenda kuoga nilichukua simu yake nikajisikiliza. Jambo hilo sikumwambia mtu.

Watoto wetu walipokua na kuondoka nyumbani, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, niliomba nafasi katika chuo cha theolojia mjini Homa Bay. Sikuulizwa maswali mengi. Mmoja wa walionihoji alikuwa ameshasikia sauti yangu kwenye simu ya shemeji yake.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi alitumwa nje kwa mafunzo ya vitendo, chini ya mchungaji mlezi. Mimi nilipelekwa Macalder, katika kaunti ya Migori, mahali watu wanapochimba dhahabu. Nilipangisha chumba kimoja cha mabati karibu na barabara. Chuo kilinipa daftari kubwa la jalada gumu. Kila wiki nilitakiwa kuandika kurasa mbili: nimefanya nini, nini kilichonisukuma kukifanya, na nimejifunza nini kuhusu nafsi yangu. Mchungaji mlezi ndiye aliyekuwa akilisoma.

Alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, mwembamba, mwenye maneno machache. Maombi yake yalikuwa mafupi mno, hata waumini wakawa wananung'unika kwamba wanafumba macho na kuyafumbua kabla hawajatulia. Nami, lazima niseme ukweli, nilimdharau kidogo. Nilijiambia kwamba mwaka huu Macalder wataonja maombi.

Baada ya mwezi mmoja aliniita ofisini kwake, chumba kidogo nyuma ya kanisa. Daftari langu lilikuwa wazi mbele yake.

"Mama, nimelisoma mara mbili," akasema. "Umetembelea nyumba kumi na moja. Yule mzee wa kule mtoni aliyevunjika mguu, alivunjikaje?"

Sikujua.

"Na yule dada mwenye mapacha. Nani humsaidia akienda sokoni?"

Hilo pia sikulijua. Akaligeuza daftari upande wangu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa umeandika, 'Niliomba, na nyumba nzima ikatokwa na machozi.' Maneno haya yako katika nyumba tano. Nimetafuta maneno ya wenye nyumba sikuyaona. Ni wewe tu unayezungumza."

Nilihisi uso ukiniwaka. Nilikuwa nimezoea kushukuriwa.

"Kwa miezi mitatu," akaendelea, "usiombe kwa sauti unapotembelea watu. Nenda, keti, uliza, sikiliza. Ukitaka kuomba, omba ukisharudi chumbani kwako."

Palikuwa na swali moja ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza: je, wao wenyewe wakiniomba? Lilinifika mdomoni. Nikalimeza, kwa sababu niliogopa angeona kwamba sijaelewa somo. Nikasema, "Nimekusikia, mchungaji," nikachukua daftari langu nikaondoka.

Katika wiki hizo ndipo nilipoanza kumtembelea mwanamke mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa kifua. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka michache, Mkuria wa Kehancha, aliyekuja Macalder kumfuata mwanamume wa hapa aliyekutana naye sokoni Migori. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, ameketi chini, miguu ameinyoosha, vumbi likimpanda puani. Sasa mapafu yalikuwa yamekwisha. Hospitali walikuwa wamemwambia arudi nyumbani apumzike, na kila mtu alielewa maana yake. Mumewe alikuwa amevuka kwenda kuchimba Tanzania na simu yake haikupatikana tena. Aliyemtunza ni mama mkwe wake, Mjaluo wa pale pale, mwanamke mkimya mwenye mikono mikubwa.

Mimi na mgonjwa tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa sikujua Kikuria na yeye Kidholuo alikisikia nusu nusu tu. Siku ya kwanza sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa nimezoea kuikunja na kuanza kuomba. Nikamuuliza kama amekula. Akasema amekunywa uji. Nikamuuliza ni uji wa nini. Akanitazama kama mtu anayejiuliza kama naumwa mimi.

Wiki ya pili akanicheka. Nilikuwa nimesema neno "shida" kwa ulimi wetu wa ziwani.

"Sema tena."

"Sida."

"Shi."

"Si."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, mama mkwe akaja mbio na beseni. Nilidhani nimemuua. Alipopata pumzi akafuta midomo, akasema, "Rudi Alhamisi. Nitakufundisha 'shule'."

Nikarudi Alhamisi, na Alhamisi zilizofuata. Alinieleza alivyokulia kwenye tumbaku: kufunga majani kwenye vijiti tangu akiwa na miaka saba, vidole vikanata, harufu ikamwingia nyweleni, hata shuleni wenzake wakawa hawataki kukaa karibu naye. Aliapa kwamba hataolewa na mkulima wa tumbaku. "Nikakimbia majani nikaangukia mawe," akasema. Alinieleza siku aliyoona dhahabu yake ya kwanza, chembe ndogo kama yai la chawa, na jinsi alivyokosa usingizi kwa furaha. Aliniuliza kuhusu Rusinga, kama ni kweli sasa mtu anaingia kisiwani kwa miguu. Nikamwambia kuna daraja. Akasema akipona atakuja alivuke kwa miguu yake.

Nadhani nilianza kumpenda. Nasema nadhani kwa sababu kila jioni ya Alhamisi nilikuwa nikiandika habari zake, na mchungaji mlezi alikuwa akiweka alama ndogo ya kalamu nyekundu pembeni na kuandika: "Sasa namwona." Alama hizo zilinifurahisha. Mpaka leo nikijaribu kutenganisha furaha ya kukaa na yule mwanamke na furaha ya ile kalamu nyekundu, siwezi.

Alhamisi ya tisa nilimkuta amebadilika. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni karibu na mlango. Nikavuta kigoda nikaketi.

"Dada," akaniita, "nimesikia kuhusu wewe."

"Umesikia nini?"

"Jirani alinisikilizisha kwenye simu. Ukiomba. Kumbe ni wewe." Akapumzika, akavuta hewa. "Umekuja hapa wiki hizi zote, hata siku moja hujaniombea."

Nikaunyoosha mto mmoja nyuma yake.

"Leo niombee. Usitumie Kiswahili, Kiswahili chetu sote ni cha sokoni. Omba kwa lugha yako, kama kwenye ile simu. Sitaelewa yote. Nataka tu kumsikia mtu akizungumza na Mungu kama anamjua, maana mimi naogopa."

Nilikuwa na kila kitu alichokihitaji. Maneno yalikuwa yameshajaa kifuani, nilisikia hata la kwanza lingekuwa lipi. Na hapo hapo, nikiwa bado namtazama machoni, nikaanza kuona ukurasa wa daftari. Niliona jinsi nitakavyoandika kwamba nimejaribiwa, kwamba kipaji changu kimeitwa kwa jina, nami nimekishinda. Niliona kalamu nyekundu.

Nikamshika mkono. Nikasema, kwa sauti laini sana, "Dada yangu, tukae tu pamoja kimya. Mungu anajua yaliyo moyoni."

Akaningoja. Nadhani alidhani najiandaa. Alipoelewa kwamba siombi, akasema, "Sawa," akageuza uso ukutani.

Mama mkwe hakuwa amefuata Kiswahili chote, lakini alikuwa ameelewa kinachoombwa. Akaniambia kwa Kidholuo, "Nyar Rusinga, mwombee mtoto." Binti wa Rusinga, ndivyo alivyoniita siku zote. Nikamjibu kwa heshima kwamba kuna ukimya ambao nao ni maombi. Akanitazama kwa muda, kisha akafumba macho yake mwenyewe, akasema, "Nyasaye, konye." Mungu, msaidie. Hayo tu. Akainuka akaenda kuchochea moto.

Jioni hiyo niliandika kurasa nne. Sijawahi kuandika vizuri kama siku ile.

Jumamosi, saa nne asubuhi, simu ililia. Alikuwa mama mkwe. Akasema, "Ameenda," akakata.

Alizikwa Ijumaa iliyofuata, bomani kwa mumewe, ingawa mume mwenyewe hakuonekana. Kaka zake wawili walifika kutoka Kehancha na wazee wao wachache. Mchungaji mlezi ndiye aliyeongoza ibada. Daftari langu lilikuwa bado chumbani, alikuwa hajalisoma. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wachimbaji na wanawake wa mawe, na jirani yule mwenye simu alikuwa amepewa kipaza sauti kutangaza ratiba. Kabla ya kushusha jeneza akatangaza, "Sasa tunamkaribisha mama yetu kutoka Rusinga, yule mnayemfahamu, atuongoze kwa maombi."

Nikamtazama mchungaji mlezi. Alikuwa ameinamisha kichwa. Watu walikuwa wameshageuka, wananisubiri. Miezi mitatu ilikuwa haijaisha, lakini kukataa mbele ya umati ule sikuweza. Wala sikujaribu.

Nikasimama kando ya jeneza, nikafumba macho, na maneno yakaja yote. Yalikuwa yale yale niliyoyasikia kifuani Alhamisi ile, hata la kwanza lilikuwa lile lile. Niliomba kwa Kidholuo, kisha nikatia Kiswahili kwa ajili ya wageni. Nilimtaja Mungu anayeona vidole vilivyonata tumbaku na mapafu yaliyojaa vumbi. Wanawake wakapaza kilio. Nilisikia mwanamume mzima akilia nyuma yangu. Nami nilijua, huku naendelea kuomba, kwamba naomba vizuri.

Baadaye kaka yake mkubwa alinifuata nikiwa nanawa mikono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, asante," akasema. "Dada yangu angefurahi sana kukusikia."

Nilimjibu kitu, sikumbuki nini. Nililinyima sikio moja ombi hilo, kisha nikawapa watu mia kadhaa ambao hawakuniomba.

Siku iliyofuata nilimpelekea mchungaji mlezi daftari. Nilimkuta akipalilia mahindi yake nyuma ya kanisa. Akajifuta mikono kwenye suruali, akalisoma pale pale amesimama kati ya mistari. Aliposoma mpaka mwisho akarudi mwanzo.

"Alikuomba umwombee?"

"Ndiyo."

"Mwenyewe? Kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, mchungaji."

"Nawe ukakataa."

"Uliniambia nisiombe."

Akalifunga daftari.

"Nilikuambia hivyo ili uwaone watu. Huyu hukumwona?"

"Nilimwona."

"Basi ile amri ulikuwa unamtunzia nani?"

Nilitaka kusema Mungu. Nikasema, "Nilikuwa nakutunzia wewe. Nilitaka usome."

Akaketi chini, pale pale kwenye udongo. Nilidhani atanikemea, na ningemshukuru. Akasema tu, "Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nilitoa amri nikasahau kuuliza ameipokea nani." Kisha akashika jembe lake akaendelea kupalilia, na kwa kuwa hakuniambia nikae wala niende, nilisimama pale mpaka alipofika mwisho wa mstari, ndipo nikaondoka.

Nilimwambia asinipendekeze kuwekewa mikono kuwa mchungaji. Akakataa kuamua. "Kamati iko Homa Bay," akasema. "Nenda ukawaeleze wewe mwenyewe."

Nikaenda. Walikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu, na chai kwenye chupa. Niliwaeleza yote bila kuficha: simu ya mume wangu, nyumba tano zenye machozi yale yale, Alhamisi ya tisa, ukuta alioutazama, mazishi. Nilikuwa nimeazimia kusema kwa ukavu. Lakini nilipofika kwenye maneno ya kaka yake, nilisikia sauti yangu ikishuka mahali panapofaa kushuka. Nilisikia nikinyamaza kidogo kabla ya neno zito. Mama mmoja wa kamati akatoa leso. Mwenyekiti akavua miwani yake, akasema, "Huu ndio unyenyekevu tunaoutafuta kwa watumishi."

"Hapana," nikasema. "Hamjanielewa."

Na hilo nalo wakaliandika kuwa unyenyekevu.

Wakanipitisha. Ningeweza kukataa. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka Homa Bay mpaka nyumbani si mbali. Sikukataa kwa sababu nilitaka. Mume wangu alikuwa ameshawaambia ndugu, kanisa la nyumbani lilikuwa limeshaanza kupanga sherehe, lakini hayo ni visingizio. Nilitaka. Niliitaka ile kola nyeupe hata baada ya kujua ni nani atakayeivaa. Hicho ndicho nilichojifunza kuhusu nafsi yangu katika miaka minne ya kujichunguza, na sikukiandika popote.

Sasa ni mwaka wa pili tangu niwekewe mikono. Nina kanisa dogo upande wa Mbita. Nimejaribu kuomba kwa ufupi kama yule mzee; nikajikuta najisifu kwa ufupi wangu. Nimejaribu kuomba kwa Kiswahili ili maneno yanisumbue. Waumini wakasema mchungaji wetu anapendeza hata akikosea. Kila nikiomba kuna mimi mwingine aliyesimama kando, anasikiliza, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nimemwomba Mungu anitolee huyo mwanamke. Mwanamke huyo naye alilisikiliza ombi hilo akaliona zuri. Zamani nilikuwa nikiamini kwamba mtu akiliona kosa lake ameshafika nusu ya njia. Sijui tena. Mimi la kwangu naliona vizuri mchana kutwa, na bado niko pale pale.

Wagonjwa wakiniita naenda. Wakiomba niwaombee nawaombea mara moja, sichelewi hata sekunde. Wengine wanapona, wengine nawazika.

Mwezi uliopita nilikwenda Macalder. Mchungaji mlezi amestaafu, amerudi kwao. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa yule mama mkwe. Nilimkuta uani, anaanika muhogo uliokatwakatwa juu ya magunia. Aliitazama kola yangu, akanikaribisha, akanipa kigoda, yeye akabaki ameinama.

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa Alhamisi ile. Hakuuliza Alhamisi ipi.

"Siku ile ulipoondoka," akasema, "aliniambia huenda umechoka. Ijumaa akasema utarudi kesho uombe. Mlango uliachwa wazi, yeye ndiye aliyetaka. Kila pikipiki iliyopita aliinua kichwa. Ananiuliza, ni yeye?"

"Mama, mbona hukunipigia simu?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa unajua anachotaka."

Nikapiga magoti pale kwenye udongo. Nikasema, "Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe, nyar Rusinga. Inuka, utachafua nguo." Akageuza vipande vichache vya muhogo. "Lakini mimi siye uliyemnyima."

Nikamuuliza kama naweza kuomba pamoja naye, hata kidogo, kabla sijaenda.

"Leo hapana," akasema, bila hasira. "Mvua inakuja kutoka upande wa Muhuru. Muhogo huu usipoingia ndani utaoza."

Nikavua koti. Yeye alishika pembe mbili za gunia, mimi nikashika mbili, tukaliingiza ndani, tukarudi kuchukua la pili na la tatu. Matone ya kwanza yalianza tukiwa na la mwisho. Akanishukuru kwa msaada, akanionyesha njia ya mkato ya kufika barabarani, nami nikaenda.